Kulipia kupunga upepo: matembezi ya kuoga msitu yana thamani gani?

Huduma hii ukimweleza mtu asiyeijua, atacheka. Mnakusanyika watu wanane au kumi kando ya msitu au bustani kubwa, mnamfuata kiongozi kwa saa 2 hadi 3, na muda wote huo hamvuki kilomita moja au mbili. Hakuna kilele cha kupanda, hakuna mnyama wa kusaka, hakuna jasho. Mnasimama, mnanusa, mnapapasa gome la mti, mnakaa chini, mnapewa chai, mnarudi. Halafu mnalipa. Mtu atauliza, na ana haki: hilo si kupunga upepo tu, jambo ambalo watu wamelifanya bure miaka nenda miaka rudi?

Ndiyo, ni kupunga upepo, na wateja wengi wanalipia kitu ambacho tayari wanacho. Lakini yupo mteja mmoja ambaye saa hizo chache zinamfaa kuliko kupitapita bustanini peke yake mwaka mzima bila kuona kitu, na ipo namna moja ya kuiendesha huduma hii ambayo inazaa matunda. Nyingine zote ni matembezi ya polepole yenye risiti. Kinachozitenganisha ni kile ambacho mtu anaondoka nacho: ukaribu na mazingira asilia, ile hali ya kujihisi kwamba wewe na miti na ndege ni wa nyumba moja, badala ya kuwa mgeni aliyekuja kutazama. Tumeipima huduma kwa kipimo hicho, maana utulivu wa siku ile tu hata kitanda kinautoa.

Jina lake linatokana na neno la Kijapani shinrin-yoku, lililobuniwa mwaka 1982 na Tomohide Akiyama, aliyekuwa mkuu wa Shirika la Misitu la Japani. Maji hayahusiki. Unajimwagia msitu kwa pua, masikio, macho na ngozi. Leo huduma hii inauzwa katika nchi nyingi, na matangazo yake karibu yote yanafanana: mafuta yanayotolewa na miti hewani, seli za kinga zinazoongezeka, shinikizo la damu linaloshuka. Tafiti za seli za kinga zipo, nyingi zikitoka Japani, lakini zilifanywa kwa makundi madogo mno ya watu. Tangazo likiweka kinga ya mwili mbele ya kila kitu, hiyo ni dalili ya kwanza kwamba mwenye huduma hajui vizuri anauza nini.

Ushahidi ulio imara zaidi uko upande wa akili. Mwaka 1989 Rachel na Stephen Kaplan, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Michigan, walieleza kwa kirefu kwamba umakini wa kujilazimisha, ule unaoutumia kusoma mkataba au kuendesha gari kwenye msongamano, huchoka kama msuli. Haurudi kwa kuulazimisha zaidi. Unarudi pale unapopewa kitu cha kukuzubaisha kwa upole: mawingu, maji yanayotiririka, majani yanayotikisika. Jicho linashikwa bila kukabwa. Mwaka 2008 Marc Berman, John Jonides na Stephen Kaplan walitoa jaribio ambalo watu walitembea chini ya saa moja, mara katika bustani ya miti, mara katika mitaa ya katikati ya mji wa Ann Arbor. Kabla na baada yake walipimwa kwa kurudia tarakimu kinyumenyume. Bustani ndiyo iliyowainua zaidi.

Hapa ndipo wauzaji wengi wanaposimama, na ndipo sisi tunapoanzia, kwa sababu miti ileile haimfanyii kila mtu kazi ileile. F. Stephan Mayer na Cynthia Frantz, waliotunga mwaka 2004 kipimo cha kauli 14 cha ukaribu na mazingira asilia, walirudi mwaka 2009 na wenzao wakaonyesha kwamba faida ya kuwa nje haipiti kwenye umakini peke yake. Sehemu yake hupita kwenye kujihisi umeunganishwa na kile unachokiona. Kisha kuna utafiti wa Martin Dallimer na wenzake wa mwaka 2012, uliofanywa kandokando ya mito ya Sheffield, Uingereza. Waliohojiwa walijihisi vizuri zaidi kadiri walivyoamini kwamba mahali pale pana aina nyingi za viumbe, ilhali wengi wao hawakuweza kukadiria idadi halisi. Mtu hafaidi kilichopo. Anafaidi alichokiona.

Basi kama ukaribu ndio mlango, unafunguliwaje? Ryan Lumber, Miles Richardson na David Sheffield wa Chuo Kikuu cha Derby walichapisha jibu mwaka 2017, na kama kuna utafiti mmoja ambao kila kiongozi wa matembezi haya angepaswa kuwa ameusoma, ni huo. Njia tano ndizo zilizohusiana na ukaribu: kukutana na viumbe kwa hisi, hisia za moyo, uzuri, maana, na huruma. Kujua majina na elimu ya viumbe peke yake hakukufikisha mtu. Tena walijaribu kwa miguu: waliotembea huku wakipewa shughuli za kuzifuata njia hizo walipanda ukaribu kuliko waliotembea tu katika mazingira yaleyale. Huo ndio uhalali wa kulipa. Unamlipa mtu wa kukupa shughuli sahihi kwa mpangilio sahihi, halafu akanyamaza.

Sasa tuitazame huduma yenyewe, hatua kwa hatua, jinsi inavyokuwa pale inapofanywa vizuri.

Dakika 10 hadi 15 za mwanzo ni za usalama na masharti: njia ipi, choo kiko wapi, nani ana mzio wa nyuki, simu zizimwe na ziingie kwenye mkoba. Si mfukoni. Simu iliyo mfukoni hutikisika hata pale isipotikisika, na mkono huifuata. Mwaka 2019 Bin Jiang, Rose Schmillen na William Sullivan walionyesha kwamba kutumia kompyuta mpakato wakati wa mapumziko kwenye eneo la kijani hufuta faida ya umakini ambayo eneo hilo lingeitoa. Kiongozi anayesema “piga picha kisha uniwekee kwenye ukurasa wetu” amekuondolea nusu ya ulichokilipia kabla hamjaanza.

Shughuli ambazo kiongozi anakupa huitwa mialiko. Mwaliko wa kwanza hufanyika mmesimama mahali pamoja, macho yakiwa yamefungwa, kwa takriban robo saa. Hisi moja kwa wakati. Kwa masikio, agizo zuri ni la umbali: tafuta sauti iliyo karibu nawe kuliko zote, kisha ya mbali kuliko zote, kisha iliyo katikati. Hilo hufanya kazi kuliko “sikiliza msitu”, kwa sababu akili iliyochoka ikipewa kazi isiyo na mpaka hurudi kwenye madeni na barua za kazini. Kwa ngozi, mteja huwekwa mbele ya mti mmoja. Kiganja kwanza, kisha mgongo wa mkono. Gome lililo upande wa jua na lililo upande wa kivuli hupishana joto, na watu wazima wengi hawajawahi kulihisi hilo hata mara moja. Kwenye mpasuko wa gome huwa pana mambo: kuvumwani wenye unyevu, uzi wa buibui, msafara wa sisimizi unaopita njia ileile kana kwamba imechorwa. Dakika tatu kwenye kipande cha gome kisichozidi ukubwa wa bahasha ni nyingi kuliko zinavyosikika. Kwa pua, jani lililoanguka husuguliwa kati ya vidole na kunuswa mara mbili tatu, kisha mtu ananusa mkono wake mwenyewe na kulirudia, kwa kuwa pua huizoea harufu upesi na kuacha kuiripoti.

Mwaliko wa pili ni mwendo, na ndio kipimo cha kiongozi. Agizo ni kutembea taratibu ukitazama tu vitu vinavyotikisika, dakika 15 hadi 20, njia ya mita 100 hivi. Aliyemaliza mita 100 katika dakika 5 bado hajaingia, yuko safarini. Kiongozi mzoefu hatamkemea. Atatangulia mbele yake kwa mwendo wa kinyonga mpaka yule wa nyuma apungue mwenyewe. Asiye mzoefu ataita kwa sauti, na ndege watatu waliokuwa wameanza kushuka chini wataondoka.

Kisha kuna kukaa. Kila mtu huchagua mahali pake, akiwa haoni wenzake lakini akiwa anasikia filimbi ya kiongozi, na hukaa dakika 20. Hiki ndicho kiini cha huduma, na ndicho kinachokatwa kwanza ratiba ikichelewa. Dakika tano hazitoshi kabisa: unapofika mahali, viumbe hunyamaza au husogea, na huanza kurudi baada ya kukuona umetulia. Aliyeondoka dakika ya sita ameona kimya alichokisababisha mwenyewe na kudhani msitu ni mtupu. Na mwilini pia kuna hesabu. MaryCarol Hunter na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, katika utafiti wa mwaka 2019 uliopima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate ya wakazi wa mijini, walikuta kwamba kushuka kwake kulikuwa kwa kasi zaidi kati ya dakika 20 na 30 za kuwa kwenye mazingira asilia. Baada ya hapo kuliendelea, ila polepole. Washiriki wale walikatazwa simu, kusoma, mazungumzo na mazoezi ya kutoa jasho. Karibu masharti yaleyale.

Kati ya hatua na hatua huwa kuna duara la kusimulia ulichokiona. Hapa tunatofautiana na walio wengi kwenye fani hii: duara limepewa sifa kuliko linavyostahili. Likiwa la sentensi moja kwa kila mtu, na ruhusa ya kupitisha bila kueleza sababu, hufungua macho. Jirani anataja mbegu yenye mabawa uliyoipita bila kuiona. Likizidi hapo linageuka kikao. Watu wanaanza kutunga cha kusema wakiwa bado wamekaa chini ya mti, na umakini uliokuwa unapumzika unaitwa tena kazini.

Chai ya mwisho ni pambo, na ni pambo zuri. Tahadhari moja tu: kiongozi akichuma majani papo hapo na kuyatia kwenye birika, awe anayatambua kwa uhakika kamili, jani, shina na ua, na awe amewauliza wenye mimba na wanaotumia dawa. Akisitasita, weka kikombe chini.

Makosa. Kubwa kuliko yote ni kiongozi msemaji. Anajua mengi, anapenda kazi yake, na kila mti ana hadithi. Baada ya saa moja umehudhuria somo la botania. Si baya, ila ni bidhaa nyingine, na kwa mujibu wa utafiti wa Derby elimu peke yake si njia ya ukaribu. Kaka yake ni kiongozi anayeigiza: sauti ya kunong’ona, maneno mazito kuhusu roho ya msitu, mteja akiulizwa mti umemwambia nini. Mtu aliyekuja na mashaka hujifunga papo hapo, na huyo ndiye hasa aliyehitaji kufunguliwa. Maana ni mojawapo ya zile njia tano, sawa, lakini inaundwa na mteja. Haigawiwi kama kipeperushi.

Kosa la pili ni mahali. Wengi hudhani msitu ukiwa mnene zaidi dawa inakuwa kali zaidi. Birgitta Gatersleben na Matthew Andrews walionyesha mwaka 2013 kwamba sehemu ambayo macho hayafiki mbali na maficho ni mengi hairudishi nguvu, na inaweza hata kuongeza msongo. Ubongo unalinda zamu. Njia nzuri huanza mahali pa wazi, ikaingia kwenye miti iliyoachana, na ikafika kwenye kivuli kizito baada ya saa ya kwanza kama itafika kabisa. Kwa mtu anayeogopa nyoka au wadudu hili si la hiari. Hofu na ukaribu havikai kwenye kiti kimoja, na kumwambia “usiogope” hakujawahi kumsaidia yeyote. Kumpa mkeka, njia iliyofyekwa na mahali pa kukaa penye upeo wa macho humsaidia.

Idadi nayo. Zaidi ya watu 12 kwa kiongozi mmoja, mwendo wa polepole unakuwa foleni. Henk Staats na Terry Hartig waliandika mwaka 2004 kwamba kuwa na mwenzako husaidia kwa kuwa kunaleta usalama, lakini usalama ukishapatikana, kuwa peke yako ndiko kunakorudisha nguvu zaidi. Kundi zuri ni lile linalokupa yote mawili: wenzako wako karibu kiasi cha kuitana, mbali kiasi cha kutoonana. Ndugu au marafiki wanaokuja wawili wawili watenganishwe wakati wa kukaa, la sivyo watapiga soga dakika zote 20.

Nani basi alipe? Kabla ya kujiandikisha, jipime kwa picha aliyoibuni Wesley Schultz mwaka 2002. Chora jozi 7 za miduara miwili, mmoja ukiwa wewe na mwingine mazingira asilia. Jozi ya kwanza miduara imegusana tu kandoni, ya saba imelaliana kabisa. Chagua inayokufaa bila kufikiri sana. Andika namba na tarehe.

Ukiwa 6 au 7, hifadhi pesa zako. Una kile ambacho huduma hii inajaribu kukujengea, na kiongozi atakuwa kizuizi kati yako na mti. Ukiwa 3 hadi 5, wewe ndiye mteja: mlango uko wazi kidogo, unahitaji mtu wa kukuonyesha kitasa. Ukiwa 1 au 2, una mengi zaidi ya kupata na ndiwe utakayejiambia kwamba utachoka upesi. Usiuamini sana ubashiri huo. Elizabeth Nisbet na John Zelenski walipowatembeza watu Ottawa mwaka 2011, wengine nje kwenye kijani na wengine kwenye njia za ndani ya majengo, waliokwenda nje walifurahia kuliko walivyotarajia. Tunajikadiria vibaya. Hata hivyo kwa kundi hili tungechagua matembezi ya dakika 90 badala ya saa 3, na bustani ya kawaida badala ya msitu.

Kuna mteja wa aina nyingine anayeongezeka: aliyetumwa, na daktari, na mwajiri au na mwenzi wake. Hapa tunaomba tahadhari. Utafiti wa nchi 18 ulioongozwa na Michelle Tester-Jones na kuchapishwa mwaka 2020 uliona kwamba watu wenye sonona au wasiwasi waliohisi kusukumwa na wengine waende kwenye mazingira asilia walikuwa na hamu yao wenyewe kidogo zaidi, na ziara zao ziliwapa furaha kidogo zaidi. Kiongozi mzuri huliona hilo usoni mwa mtu dakika ya kwanza na kumpa uhuru: kaa popote, fanya au usifanye, ondoka ukitaka. Kampuni inayowaleta wafanyakazi wake 30 kwa lazima siku ya Ijumaa mchana imenunua hasara.

Mbadala upo, na baadhi ni bora. Wa kwanza ni kujiongoza mwenyewe kwa karatasi yenye mialiko mitatu: sauti za mbali na karibu, vinavyotikisika, dakika 20 za kukaa. Unakupa sehemu kubwa ya kilichomo. Unachokosa ni mtu wa kukuzuia usikate dakika, nacho si kidogo. Wengi wakiwa peke yao hunyanyuka dakika ya nane. Weka kengele ya saa ya mkononi na uifunike.

Wa pili ni zoezi la Miles Richardson na David Sheffield, la mwaka 2017: kila siku kwa siku 5, andika mambo mazuri matatu uliyoyaona katika mazingira asilia. Mstari mmoja kila moja. Walioandika walipanda ukaribu, na ongezeko lilibaki hata zoezi lilipokwisha. Kwa gharama ya daftari na dakika tano, hakuna matembezi ya kulipia yanayoweza kushindana nalo, na tunashangaa kwamba viongozi wengi hawampi mteja zoezi hili kama kazi ya nyumbani. Kosa la kawaida ni kuandika “miti mizuri”. Andika kitu kimoja chenye ncha: tone lililoning’inia kwenye ncha ya jani likakataa kudondoka.

Programu za simu za kutambua ndege kwa sauti, kama Merlin Bird ID ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, ni upanga wenye makali kuwili. Zikikufanya useme “kumbe walikuwa watano, si mmoja”, zimekuongezea unachokiona, na ndilo tuliloliona kwa Dallimer. Zikikufanya uwinde orodha, umerudi kwenye skrini. Pakua faili za eneo lako kabla ya kutoka ili ifanye kazi bila mtandao, rekodi dakika 5, zima, kisha sikiliza kwa masikio yako. Video na sauti za msitu sebuleni huwafaa wasioweza kutoka, kama wagonjwa na wazee. Wengine wajue kwamba Mayer na wenzake walilinganisha mazingira halisi na ya kwenye video, na halisi yakashinda.

Ukishakwenda, pima. Kwa umakini: mwenzako akusomee tarakimu, moja kwa sekunde, bila mahadhi, nawe uzirudie kutoka mwisho kwenda mwanzo. Aanze na tarakimu 3, majaribio mawili kwa kila urefu, aongeze moja mpaka ukosee yote mawili. Fanyeni kabla ya kuondoka na mara mkirudi, kwa namba tofauti. Kupanda kwa tarakimu moja kunaweza kuwa mazoea ya mtihani tu, kwa hiyo usikitangaze. Linganisha na siku nyingine uliyotembea mtaani kwa muda uleule. Kwa ukaribu: rudia miduara jioni ileile, na tena baada ya wiki mbili. Namba ya jioni haina maana sana, kila mtu hupanda akiwa amekunywa chai chini ya mti. Ya wiki mbili ndiyo inayosema kama ulipata bidhaa. Ikiwa imeshuka ilikokuwa, usirudi kwa kiongozi yule. Ikiwa imepanda hata ngazi moja, nawe umeanza kugeuza shingo kila unapopita mti wa kituo cha basi, pesa yako imefanya kazi.

Usinunue vifurushi vya safari 10. Mathew White na wenzake, katika takwimu za watu karibu 20,000 wa Uingereza zilizochapishwa mwaka 2019, waliona kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki katika mazingira asilia ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuripoti afya njema na hali nzuri ya maisha, ziwe kwa mkupuo au kwa vipande. Matembezi moja yanajaza wiki moja. Wiki zinazofuata ni zako, na kiongozi aliyekujenga vizuri amejiondolea mteja. Mbili zinatosha: ya kwanza ya kujifunza kutulia, ya pili, baada ya mwezi, msimu ukiwa umeanza kubadilika, ya kusahihisha ulichokuwa ukikosea peke yako.

Kabla ya kulipa, mpigie kiongozi mwenyewe, si ofisi. Muulize kukaa ni dakika ngapi. Akijibu chini ya 15, au akisema “inategemea na kundi”, tafuta mwingine. Muulize mtaenda umbali gani. Akijigamba kwa kilomita sita, huyo anauza mazoezi. Muulize mvua ikinyesha mnafanyaje; jibu zuri ni kwamba mnaendelea chini ya turubai, kwa kuwa harufu ya udongo uliolowa haipatikani siku nyingine, ila radi ikianza safari inafutwa na pesa zinarudi. Muulize njia inapishana na barabara kuu kwa umbali gani, na atembee nawe kwa maneno: tunaanzia wapi, tunakaa wapi. Aliyeipita njia ile jana atakutajia mti ulioanguka. Valia suruali ndefu yenye rangi isiyokolea ili kupe waonekane, viatu vilivyofungwa, na uchukue kitu cha kukalia kisichopitisha unyevu. Kwenye udongo wenye umande, dakika 20 bila hicho huwa dakika 20 za kufikiria makalio yako.